Kusafisha Alumini ya Baiskeli kwa Siki, Soda ya Kuokea na Dawa ya Meno

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, yenyewe hufubaa. Jasho, chumvi na maji ya barabarani huacha ukungu mweupe na madoa ya kijivu kwenye krenki (mikono inayoshika pedali), bomba la siti na shingo ya usukani. Vitu vya nyumbani vinatosha kuyatoa, ila kwanza ujue unasugua nini.

Hatua ya 1: Toa grisi

Fungua kipande kama kinafunguka. Bomba la siti lizungushie utepe kabla ya kulichomoa ili kimo chake kisipotee. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, na usiyaache yaingie kwenye beringi. Kisha osha kwa mswaki mkuukuu na lita 1 ya maji vuguvugu yenye kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Suuza, kausha. Usiiruke hatua hii: grisi huizuia siki isifike kwenye doa, na itakudanganya kwenye kipimo kinachofuata.

Hatua ya 2: Pima

Gusisha sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma na mwongozo huu haukihusu. Isiponasa, weka dawa ya meno nyeupe (si ya jeli) kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali palipojificha kwa nusu dakika. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki cheupe, juu yake kuna kinga: vanishi, au anodaizi, yaani ngozi ngumu iliyooteshwa kiwandani kwa umeme. Hapo ishia kwenye maji na sabuni. Anodaizi ikishatoka hairudishwi nyumbani, na baka litakalobaki ni baya kuliko doa ulilokuwa ukilifukuza.

Hatua ya 3: Siki

Changanya siki nyeupe ya asilimia 5 na maji, sawa kwa sawa. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya madoa kwa dakika 5, kisha sugua kwa mswaki na usuuze. Madoa sugu yarudie mara ya pili. Usiloweke kipande usiku kucha: asidi ikishamaliza oksidi, yaani ule utando wa kufubaa, huanza kuila metali yenyewe. Wala usitie chumvi ili siki ipate nguvu, maana kloridi iliyomo kwenye chumvi huchimba vishimo vidogo visivyozibika. Suuza kwa maji mengi, hasa ndani ya matundu ya skrubu, ambako siki hujificha.

Kama bado kuna madoa, korogea vijiko 3 vya soda ya kuokea kwa kijiko 1 cha maji, upake, usugue kwa kidole dakika 1 au 2, kisha usuuze papo hapo. Usiichanganye na siki. Povu lile linapendeza macho, lakini asidi na besi zimeuana; ulichobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi.

Vitu vingine visikaribie kabisa. Kostiki soda, dawa ya kusafishia oveni, magadi na sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo huila alumini na kuiacha nyeusi au yenye mabaka. Kostiki hutoa pia haidrojeni, gesi inayolipuka. Sufi ya chuma huacha vipande vinavyonasa kwenye alumini na kushika kutu baadaye.

Hatua ya 4: Ng'arisha

Hii ni kwa alumini tupu peke yake. Tumia dawa ya meno na kitambaa laini cha pamba, ukifuata mistari ya metali, si kwa kuzungusha. Weusi unaotoka ni chembe za alumini zenyewe, kwa hiyo hautaisha hata usugue hadi jioni; kigezo chako kiwe mng'ao. Suuza, kausha kabisa, kisha paka nta ya gari nyembamba ili kufubaa kuchelewe.

Nta na mafuta visiguse diski za breki, raba za breki, wala ukingo wa rimu unaobanwa na raba hizo. Hapo breki haitashika. Ukingo huo futa kwa spiriti na kitambaa safi, basi.

Bomba la siti la alumini linaloingia kwenye fremu ya chuma lipake grisi mpya kabla ya kulirudisha. Metali mbili tofauti zikikutana penye maji, alumini huliwa, na bomba linaweza kuganda lisitoke tena.

Kabla ya kufunga krenki, ikague kwenye mwanga, ukianzia kuzunguka tundu la pedali. Mkwaruzo huwa wa juu juu tu. Ukiona mstari mwembamba mweusi, ufute, endesha kidogo tu, uangalie tena. Ukirudi palepale ukiwa na unga mweusi, huo ni ufa: kuta zake zinasagana ndani. Krenki hiyo usiikanyage tena; tafuta nyingine.