Kabla hujapiga muziki wa kompyuta ufukweni, tenga vidhibiti na injini ya sauti

Ukialikwa kupiga muziki wa kompyuta jioni pale Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, amua kwanza ni programu ipi itazalisha sauti (injini) na ipi itapokea vidole vyako (vidhibiti). Sauti haisubiri. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde na bafa, yaani fungu la sauti linaloandaliwa kwa mkupuo, ya sampuli 256, mashine ina takriban milisekunde 5.3 za kuandaa kila fungu. Programu hiyohiyo ikikwama kuchora slaida (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) au kufungua faili, fungu linachelewa na spika zinakwaruza.

Programu ya muziki SuperCollider, toleo la 3, tayari imegawanywa: scsynth hutoa sauti, sclang hutuma amri, nazo huongea kwa OSC (Open Sound Control), itifaki ya kutumiana ujumbe wa muziki iliyoanzia Berkeley, Marekani, mwaka 1997. Anayetumia Pure Data, programu nyingine ya aina hiyo, aiwashe kwa -nogui (bila dirisha la michoro), vidhibiti vikae kwenye tableti.

Jaribio ninalolisisitiza kuliko yote ulifanye nyumbani: muziki ukiendelea, zima ghafla programu ya vidhibiti. Sauti isitetereke. Kisha iwashe tena, utazame slaida zimesimama wapi. Wengi hunaswa hapa. Slaida imerudi sifuri, kumbe ngoma za bugobogobo ulizorekodi bado zinanguruma kwa nguvu zote. Ukiigusa tu, zinakatika. Injini ndiyo itunze hali ya kila kitu, na kidhibiti kikiwaka kiiulize kwanza.

OSC kwa kawaida husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data mtandaoni ambayo haihakikishi kwamba ujumbe umefika. Ujumbe mmoja wa slaida ukipotea si neno, mwingine unakuja nyuma yake. Amri ya kunyamazisha ikipotea, mlio unabaki ukilia. Itume mara tatu, na iandikwe "zima", kamwe isiwe "geuza", maana "geuza" ikifika mara mbili inaghairi kazi yake.

Wi-Fi ya ukumbi iache. Beba ruta yako, weka anwani za IP zisizobadilika, na panapowezekana tumia waya. Ruta nayo ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika sekunde mbili tu, laptopu inaendelea kwa betri huku ruta ikianza kuwaka upya.

Giza likiingia punguza mwanga wa tableti, wadudu wa ziwani hufuata taa wakajaa kwenye kioo. Kwa sababu hiyo mimi huchomeka pia kiboksi kidogo cha MIDI (lugha ya ala za kielektroniki) kwenye mashine ya sauti yenyewe, chenye kitufe kimoja cha kuzungusha cha sauti kuu.