Chuo kimefungwa: namna ya kuitunza akili mpaka kifunguliwe

Machi 18, 2020 vyuo vikuu nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa Malimbe, Nyegezi na Bugando hapa Mwanza wakafungasha mabegi bila kujua watarudi lini. Vilifunguliwa Juni 1. Kwa jirani zetu wa Uganda, shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Machi mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, na vijana wakawa miongoni mwa walioumia zaidi. Chuo kikifungwa tena, kwa maradhi au kwa sababu nyingine, kinachovurugika mapema ni mpangilio wa siku. Huko ndiko pa kuanzia.

Anza na saa ya kuamka. Wengi huanza na saa ya kulala, wakakwama: aliyezoea kulala saa 9 usiku akijilazimisha kupanda kitandani saa 4, atagaragara na mawazo, na baada ya siku chache kitanda chenyewe kinageuka mahali pa kuwazia. Chagua saa ya kuamka, tuseme 12:30 asubuhi, na usiibadilishe hata Jumapili. Ndani ya nusu saa uwe nje kwenye mwanga, dakika 20: fagia uwanja, chota maji, chochote. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Mchana ukizidiwa, jinyooshe dakika zisizozidi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Usiku usingizi ukigoma kwa kama dakika 20, inuka, kaa kwenye kiti, taa hafifu, simu mbali, urudi kitandani macho yakiwa mazito. Siku za mwanzo utachoka sana. Usikate tamaa, maana uchovu huo ndio utakaokulaza mapema. Jipe wiki mbili.

Bando la usiku linavuruga haya yote. Kwa kuwa ni nafuu, mwanafunzi anakesha akipakua masomo, na faili likisuasua anahamia kwenye habari za vifo. Panga mafaili kwenye foleni ya kupakua, acha simu sebuleni kwenye chaji, nenda kalale. Habari za ugonjwa zisome mchana, mara moja, dakika 15.

Kila siku iwe na mambo matatu: la masomo, la mikono, la mtu. La masomo ni vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko ya 10 katikati. Ukipanga saa nane utashindwa siku ya kwanza na kujiona mvivu. La mikono ni kazi ya nyumbani, kama kufagia au kuchota maji. La mtu ni kusikia sauti: piga simu, kwa sababu kundi la darasa hujaa uvumi wa tarehe ya kufungua. Aliyebaki geto kwa kuwa kwao ni Kigoma au Bukoba ale na wenzake, wachangie mchele na sangara au dagaa, kisha atembee nusu saa jioni. Ufukweni pazuri kwa kutembea, ila kuoga ziwani ni kujitafutia kichocho.

Aliyerudi nyumbani ana shida nyingine. Mzazi akikuona na simu anajua unachezea, hivyo utatumwa kila dakika, utanuna, utajifungia chumbani, na upweke huo huizidisha sonona. Wahi kuomba: “Shikamoo mama. Naomba saa mbili mpaka saa nne asubuhi nisome, baada ya hapo nitakaa gengeni hadi mchana.” Ukitaja na saa za kazi utakazofanya, ni rahisi kukubaliwa.

Kila baada ya wiki mbili jipime kwa maswali 9 ya PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, yaliyopo pia kwa Kiswahili. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, nenda kituo cha afya, au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, ueleze usingizi, hamu ya kula na muda ulioanza. Usiseme “kichwa kinauma” tu, utaondoka na panadoli.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Likipata alama yoyote zaidi ya 0, ni suala la siku hiyohiyo. Mwambie mtu mzima unayemwamini, uende hospitali ukisindikizwa; Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili. Wewe uliye karibu na mwenye mawazo hayo usimwache peke yake, na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo. Toa ndani ya nyumba dawa ya pamba, sumu ya panya na vidonge vilivyobaki, upeleke kwa jirani. Hatari kali mara nyingi hupita, na umbali wa sumu humpa mtu muda.

Masomo yasipowezekana kabisa, omba kuahirisha kwa maandishi kupitia idara na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ukiambatanisha barua ya daktari, kabla ya mitihani kuanza. Ukikosa mtihani kimyakimya unaweza kuhesabiwa mtoro, hata ukadisko, yaani ukaondolewa masomoni. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uulize papo hapo mkopo utakuwaje kwa kipindi hicho.