Ukishindwa kulipa mkopo wa kwenye simu
Usikope programu ya pili ili ulipe ya kwanza; hapo ndipo kausha damu (mikopo ya riba na masharti ya kuumiza) inapomaliza watu. Kabla siku ya marejesho haijafika, mwandikie mkopeshaji ujumbe, usiishie kupiga simu: eleza hali yako, taja kiasi utakachoweza kweli baada ya chakula na kodi, omba mchanganuo wa deni na riba. Angalia pia kama ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wakianza kuwatumia ndugu na bosi wako meseji za kukudhalilisha (inaumiza mno, najua), usifute kitu. Hifadhi kila ujumbe, kisha lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.