Somo: Kuchuja maji ya jikoni na ya kufulia kabla ya kumwagia miti

Mbukwenyi wana Dodoma. Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara sita, kwa hiyo naandika mara moja. Mji wetu una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kumwaga maji ya kufulia barabarani mwezi wa Septemba kunaniuma.

1. Tafuta ndoo mbili za lita 20, bomba, kokoto, mchanga mnene na chandarua kilichochakaa. Osha kokoto na mchanga.

2. Ndoo ya kwanza itoboe ubavuni karibu na juu, upitishe bomba lenye elbo (kiungio kilichopinda) inayoangalia chini kwa ndani. Mafuta yataelea, makombo yatazama, yatatoka maji ya katikati.

3. Funga chandarua mdomoni mwa ndoo hiyo ya kwanza, tabaka mbili. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliona hakina haja, sisi hatutupi plastiki kwenye maji. Mwezi haukuisha, maji yakagoma kushuka na uwanja ukanuka. Nilipofukua mchanga nikakuta kona za pakiti za sabuni, zile tunazokata kwa meno, zaidi ya thelathini, zimeshikamana na mafuta kama ukoko wa ugali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya viwandani bado tunavyo, na mvua ya kwanza huvisomba vyote korongoni. Kung'uta chandarua kila jioni, kwenye pipa la taka. Usichome, moshi wake ni sumu.

4. Ndoo ya pili, inayopokea maji ya bomba la ndoo ya kwanza, itoboe chini: kokoto chini, mchanga juu. Usigeuze.

5. Elekeza maji yanayotoka hapo chini kwenye shina la mpapai au mgomba. Yaishe siku hiyo hiyo, yakilala yananuka.

MASWALI

Wa Nkuhungu: Naweza kuunganisha na choo?

Jibu: Hapana. Soma kichwa cha somo.

Wa Kizota: Nimwagilie mboga za kachumbari?

Jibu: Hapana. Miti tu. Na maji yenye jiki usiyapeleke kwenye mti wowote.

Wa Ilazo: Samahani dada, na yale ya choo yanayopita kwenye bomba la majitaka husafishwaje?

Jibu: Asante kwa kuuliza, kaka. Hapa mjini yapo mabwawa ya Swaswa. Mabwawa ya namna hiyo hufuatana: la kwanza huwa na kina kirefu, tope linatua na vijidudu vinalimeng'enya bila hewa. Yanayofuata ni ya kina kifupi, mwani unatoa oksijeni, na mwishoni jua linaua vimelea. Ila plastiki hakuna kijidudu cha kuimaliza pale. Ikipita jikoni kwako, inaziba chemba njiani au inafika bwawani ilivyo. Ndiyo maana nang'ang'ania chandarua.

Wa Chang'ombe: Mimi pakiti naikata bila kuimaliza, kona inabaki inaning'inia. Haidondoki kwenye beseni.

Jibu: Hiyo sikuwahi kuifikiria, mama. Naiongeza kwenye hatua ya 3. Na pakiti za ubuyu za watoto unafanyaje?

Wa Chang'ombe: Hao nawafungulia mwenyewe, kwa mkasi.