Skrini na Jukwaa la Kongamano la Kanisa: Pima Kuanzia Kiti cha Mwisho

Kanisa linapoamua kufanya kongamano la siku tatu au nne, kikao cha kwanza cha kamati ya mitambo huanza mara nyingi na ukubwa wa skrini na huishia kwenye bei ya kuikodi. Napendekeza kikao hicho kianzie kwenye kiti cha mwisho kabisa, kule nyuma ya hema karibu na nguzo. Mama aliyetoka Mkuranga alfajiri akafika akakuta kiti hicho pekee ndicho kilichobaki anahitaji mambo mawili: kumwona usoni mtu anayemhubiria, na kuyasoma bila shida maneno anayoalikwa kuyaimba. Kila paneli, kila taa na kila kamera ipangwe kwa ajili ya mambo hayo mawili, na mapambo yapewe nafasi baada ya hayo kutimia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua futi kamba na kupima umbali kutoka jukwaani hadi kwenye kiti hicho. Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba, pale watu wanapotakiwa kusoma maandishi, kimo cha skrini kisipungue sehemu moja ya sita ya umbali huo. Kama kiti cha mwisho kiko mita 48, kanuni hiyo inadai skrini yenye kimo cha mita 8, ambayo makanisa machache yanaweza kuigharimia na majukwaa machache yanaweza kuibeba kwa usalama. Ni heri kuwa na skrini kuu yenye kimo cha mita 4.5, itakayowatosha walio ndani ya mita 27, kisha kusimamisha skrini mbili ndogo katikati ya uwanja, kulia na kushoto, kwa ajili ya walio nyuma yake. Nimeona kamati zikiweka fedha zote kwenye ukuta mmoja mkubwa jukwaani, na nusu ya uwanja ikabaki inasikiliza tu.

Paneli nyingi za LED zinazokodishwa, yaani vipande vya skrini inayojitolea mwanga ambavyo huunganishwa kuwa ukuta mmoja, huwa na upande wa milimita 500. Ukipanga paneli 16 kwa upana na 9 kwa kimo utapata ukuta wa mita 8 kwa mita 4.5, wenye umbo lilelile la picha ya video ya kawaida. Kama ni paneli za P3.9, yaani zile ambazo nukta zake zinaachana kwa milimita 3.9, kila upande wa paneli una nukta 128, kwa hiyo ukuta mzima una nukta 2,048 kwa 1,152. Mpatie mtengenezaji wa michoro namba hizo wiki mbili kabla ya kongamano. Mkiamua kuwa na ukuta mrefu mwembamba wa mita 10 kwa mita 3, namba zinakuwa 2,560 kwa 768, na video yoyote ya kawaida itakayochezwa humo itakatwa juu na chini, au itavutwa mpaka nyuso za watu zipanuke. Kwa wastani, idadi ya milimita kati ya nukta ndiyo idadi ya mita ambazo mtazamaji wa karibu anapaswa kuwa mbali na skrini, hivyo P3.9 inafaa iwapo safu ya kwanza ya viti iko mita 4 au zaidi. Ndani ya ukumbi ambamo wazee wa kanisa huketi karibu sana na mimbari, tafuteni paneli zenye nukta zilizosongamana zaidi.

Projekta ina nafasi yake katika ibada ya jioni, ndani ya jengo lenye mapazia mazito. Chini ya hema jeupe saa tisa alasiri, projekta yenye mwanga wa lumeni 5,000 hutoa picha iliyopauka ambayo hakuna mtu wa nyuma atakayeisoma. Hata LED nazo hutofautiana: ya ndani yenye mwanga wa niti 1,000 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini) inatosha ukumbini, lakini uwanjani kwenye jua kali inatakiwa ya niti zipatazo 5,000, tena iliyotengenezwa kustahimili mvua. Mwenye vyombo aulizwe maswali hayo mawili kabla ya kulipwa malipo ya awali.

Mkutano ukifanyika uwanjani, kama ilivyo kawaida kwenye viwanja vya Tanganyika Packers kule Kawe, Dar es Salaam, mwelekeo wa jukwaa uamuliwe kwa kulitazama jua kabla ya kutazama lango la kuingilia. Jukwaa likitazama magharibi, jua la alasiri hupiga moja kwa moja kwenye skrini na machoni mwa mhubiri. Likitazama mashariki, umati wote hukaa ukilikodolea jua, na kamera pia. Mwelekeo wa kaskazini na kusini ndio wenye nafuu. Kwa Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huelemea kaskazini, kwa hiyo skrini inayotazama kusini hubaki kivulini kwa muda mrefu. Ila ndiyo miezi ambayo kusi huvuma, na skrini hiyo itaupokea upepo huo usoni. Upepo wa kilomita 54 kwa saa huusukuma ukuta wa mita za mraba 36 kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 500. Kwa sababu hiyo fremu za chuma zizuiliwe kwa mizigo iliyokokotolewa na mtu mwenye ujuzi wa miundo, turubai lisifungwe kwenye nguzo za skrini hata kwa dakika tano, na awepo mtu mmoja aliyepewa mamlaka kamili ya kuamuru skrini ishushwe upepo unapozidi, hata kama mhubiri yuko katikati ya neno.

Uso wa mhubiri

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo ninapoomba msomaji atulie nami. Katika kongamano moja la vijana nililohudumu, tulichagua mandhari ya mawingu meupe kwenye ukuta uliokuwa nyuma ya mimbari. Kwa macho ilipendeza. Lakini kamera, ikiwa imeachwa ijipangie mwanga yenyewe, iliona weupe mwingi ikapunguza mwanga wa picha nzima, na mhubiri mwenye ngozi nyeusi akageuka kivuli chenye koti na tai. Waliokaa nyuma hawakuuona uso wake usiku ule wote, na jambo hilo lilinihuzunisha kwa muda mrefu, kwa sababu tulikuwa na vifaa vya kutosha kabisa kulizuia.

Tiba yake inajulikana. Mandhari ya nyuma ya mhubiri iwe ya rangi nzito, kama samawati iliyoiva au zambarau, na mwanga wa ukuta ushushwe hadi kati ya asilimia 20 na 30 ya uwezo wake nyakati za usiku. Mhubiri asimame angalau mita 3 mbele ya ukuta, ili nukta za skrini zififie kwenye lenzi na mistari inayochezacheza isitokee kwenye picha. Taa mbili za mbele ziwekwe juu, moja kulia na moja kushoto, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na ya tatu imulike mabega na kichwa kutoka nyuma ili mtu atengane na giza lililo nyuma yake. Taa za rangi zinazozunguka ni za waimbaji. Zisimguse anayehubiri, kwa maana uso uliopakwa kijani hausomeki. Kisha kamera ziondolewe kwenye hali ya kujipangia, mwanga upimwe kwenye ngozi ya uso, na rangi ya msingi, yaani kile ambacho kamera inakihesabu kuwa cheupe, ifungwe kwenye kipimo kimoja, kwa mfano kelvini 5,600, kwa kamera zote.

Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, yaani hupiga mara 50 kwa sekunde, na kamera inatakiwa kwenda sawa nao. Kamera irekodi fremu (picha moja moja) 25 au 50 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani huja mara nyingi imepangwa kwa fremu 30 au 60, na chini ya taa zetu huonyesha picha inayopepesa. Wengi hulaumu taa au jenereta ilhali kosa liko kwenye mpangilio. Ukuta wa LED nao uwe wenye kasi ya kuonyesha picha upya ya hezi 3,840, kwani ile ya 1,920 huacha mistari myeusi kwenye picha kwa urahisi zaidi.

Mhubiri mgeni husimama na mkalimani, na wahudumu wa kamera humsahau mkalimani huyo kana kwamba ni kipaza sauti. Ndiye anayesema na umati. Apewe taa yake, na picha ya kawaida iwachukue wote wawili, huku picha ya uso mmoja ikitumika kwa muda mfupi tu. Mkalimani wa lugha ya alama awekewe kona ya skrini iliyo kubwa vya kutosha kuonyesha mikono yote miwili kuanzia kiunoni, na asiondolewe wakati wa nyimbo. Kwaya ziulizwe mapema rangi ya sare zao: sare nyeupe hupotea kwenye mandhari nyeupe, na kitenge chenye mistari myembamba sana huleta mawimbi kwenye kamera.

Maneno ya nyimbo

Violezo vingi vilivyomo kwenye programu za kuonyesha maneno ya nyimbo kama ProPresenter na EasyWorship vimepangwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo "watakaomwabudu" hula nafasi ya maneno matatu. Weka maneno manne au matano kwa mstari na mistari isiyozidi minne kwa slaidi, kisha kata mstari pale mwimbaji anapovuta pumzi. Usiache "ya" au "wa" ining'inie mwisho wa mstari wakati jina linaloifuata limeshuka chini, na usikate neno katikati. Herufi ziwe nene, nyeupe, juu ya mandhari tulivu isiyokimbia. Pambio litengenezwe kama slaidi inayojitegemea, kwa sababu kiongozi wa sifa hulirudia kadiri anavyoongozwa na hatamsubiri mtu wa kompyuta atafute ukurasa. Mwenye kuendesha slaidi awe anazijua nyimbo na abadilishe slaidi umati unapofika kwenye neno la mwisho, kabla mstari mpya haujaanza. Mstari wa Biblia ulio mrefu ugawanywe kwenye slaidi mbili, kila moja ikiwa na jina la kitabu, sura na aya.

Waya na umeme vinaweza kuelezwa kwa ufupi. Kutoka kwenye kamera hadi kwenye mikseri ya video, chombo cha kuchagua picha ya kamera ipi ionekane, tumia kebo za SDI, yaani zile za video za kitaalamu, ambazo hufika karibu mita 100, kwani HDMI, zile za televisheni za nyumbani, huanza kusumbua baada ya mita 10 au 15. Kila kifaa ambacho picha inapitia huongeza ucheleweshaji. Vinne vyenye fremu moja kila kimoja, kwa fremu 50 kwa sekunde, vinaleta milisekunde 80, ambazo ni takribani muda wa sauti kusafiri mita 27, hivyo midomo na sauti vitakutana kwa waliokaa hapo. Epuka kuongeza vifaa visivyo vya lazima. Ukuta wa mita za mraba 36 unaweza kuhitaji kilowati 25 ukiwaka mweupe wote, wakati soketi ya ampea 16 hutoa kilowati 3.7 tu, kwa hiyo fundi umeme aandae njia ya fezi tatu yenye waya wa ardhini, na kompyuta na mikseri ziwe kwenye UPS, yaani betri inayoshika umeme unapokatika.

Mazoezi yafanyike siku moja kabla, saa ileile ya ibada, kwaya zikiwa na sare zao, na mtu mmoja wa timu aende kukaa kwenye kile kiti cha mwisho na kusoma kwa sauti anachokiona.

Wakati wa maombezi, ondoeni michoro inayotembea, acheni mandhari moja tulivu, na kamera ibaki kwa mhubiri au ichukue uwanja mzima kwa mbali. Mtu anayelia mbele za Mungu wake, na hasa mtoto, asivutwe karibu kwenye skrini ya mita 8 wala kwenye matangazo mubashara yatakayotazamwa na majirani zake kesho yake. Ikiwa kanisa linataka ushuhuda wake, aombwe ridhaa siku nyingine, akiwa ametulia. Slaidi ya ratiba ya kesho isubiri mpaka mchungaji aseme amina na watu wameanza kuokota mikoba yao.