Pete ya Uchumba na Pete ya Ndoa Zinazopatana: Zitazame Ubavuni Kwanza

Pete ya uchumba huchaguliwa kwa kutazamwa kutoka juu, kito kikimeremeta. Lakini pete ya ndoa haikai juu yake, inakaa ubavuni. Kinachoamua kama zitapatana ni urefu wa kikalio cha kito, yaani chuma kinachokishikilia juu ya pete, na umbo lake kwa chini, na hapo ndipo wengi hawapatazami hadi wiki chache kabla ya harusi. Ukiweza, chagua zote mbili siku moja. Kama ya uchumba imeshavaliwa, ipeleke yenyewe kwa sonara. Picha ya simu haionyeshi kinachohitajika.

Hatua ya 1: Tafuta mwanya

Omba pete iliyonyooka, isiyo na kito, yenye upana wa milimita 2 na saizi ileile. Ivae pamoja na ya uchumba, zisukume zigusane, kisha inua mkono usawa wa macho huku taa ikiwa nyuma yake. Mwanga usipopenya kati yake, umepona: karibu pete yoyote iliyonyooka itakufaa.

Mwanga ukipenya, tafuta kinachozitenganisha. Mara nyingi ni kile kikapu cha chuma kinachobeba kito: kimekaa chini mno, nacho kimetanuka kupita upana wa pete. Pete ya ndoa inakigonga mahali pamoja tu, na kila ukikunja vidole inasugua hapohapo. Ukiacha hivyo miaka kadhaa, utakuta kovu lililochimbika kwenye pete moja au zote mbili.

Una njia tatu. Unaweza kuukubali mwanya, maana mwembamba na ulio sawa pande zote hauudhi macho. Unaweza kutengenezewa pete ya ndoa iliyopinda kufuata umbo la kito; hii hukaa vizuri sana, ila ikivaliwa peke yake ule mpindo unaonekana kama kitu kilichopungukiwa na mwenzake. Anayevua pete ya uchumba kazini na kubaki na ya ndoa asiichague. Njia ya tatu ni kumwomba sonara apandishe kikalio. Kwa pete ambayo bado haijatengenezwa, hii ndiyo bora kuliko zote: agiza kito kiinuliwe kiasi cha pete iliyonyooka kupita chini yake. Usipitilize, kwa kuwa kito kirefu hunasa kwenye sweta na kugongwa milangoni.

Hatua ya 2: Linganisha madini, si rangi peke yake

Soma namba iliyogongwa ndani ya pete. 750 ni dhahabu ya karati 18, yaani asilimia 75 ni dhahabu tupu. 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Platinamu mara nyingi huwa na 950.

Nunua ya ndoa yenye namba ileile. Pete hizi zitasuguana kutwa, na iliyo laini ndiyo italika. Rangi nayo hutofautiana: dhahabu ya njano ya karati 9 imepauka ikiwekwa kando ya karati 18, na tofauti ndogo kama hiyo huonekana kama kosa. Ukitaka kuchanganya rangi, changanya waziwazi, njano na nyeupe, au nyeupe na ya waridi.

Dhahabu nyeupe inahitaji uangalifu wa ziada. Weupe ule mkali kwa kawaida ni utando wa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, uliopakwa juu, nao hufifia kwa kuvaliwa na kuacha umanjano utokeze. Platinamu haigeuki njano, bali hupoteza mng'ao na kuwa ya kijivu tulivu. Zikiwa mpya zinafanana kama pacha. Baadaye kila moja inashika njia yake. Zote zikiwa dhahabu nyeupe, zipakwe rodiamu siku moja.

Hatua ya 3: Angalia vito vinavyogusana

Almasi hukwaruza kila kitu, ikiwemo almasi nyingine. Pete ya ndoa iliyopangwa almasi mzunguko mzima, kingo zake zikiwa wazi, itakula ubavu wa jirani yake kama tupa. Chagua ambayo vito vimezungushiwa ukingo wa chuma. Kumbuka pia kwamba pete yenye vito mzunguko mzima ni vigumu sana kuipanua au kuipunguza.

Kama kito cha uchumba ni zumaridi, tanzanaiti au opali, usikiweke karibu na almasi zilizochomoza. Yakuti inavumilia zaidi.

Hatua ya 4: Pima kidole kwa ajili ya pete mbili

Uzi hunyumbuka, hivyo kata ukanda wa karatasi wenye upana unaokaribia wa pete zote mbili pamoja, tuseme milimita 5. Zungushia kidole mchana au jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, uweke alama, ugawe urefu kwa 3.14. Milimita 54 zinakupa kipenyo cha ndani cha takriban milimita 17.2. Rudia siku nyingine mbili. Kifundo cha kidole kikiwa kinene kuliko shina, pima vyote viwili uchague katikati.

Pete mbili hubana kuliko moja, kwa sababu nyama ya kidole haipati pa kwenda. Jumla ya upana ikizidi milimita 5, mara nyingi huhitajika kuongeza robo hadi nusu saizi. Lakini ya uchumba ikipwaya, kito kizito kitaangukia upande wa kiganja. Jaribu zote mbili kidoleni kwa dakika 20 kabla ya kuamua.

Kuhusu unene wa chuma, usikubali chini ya milimita 1.5 kwa pete ya kila siku. Nyembamba zaidi hupinda, na ikipinda, makucha yanayoshika kito hulegea.

Hatua ya 5: Kuziunganisha au kuziacha

Sonara anaweza kulehemu pete mbili zikawa moja. Hazizunguki tena kila moja kivyake wala hazisuguani. Zivae kwanza miezi kadhaa ili ujue saizi imetulia, kwa kuwa zikishaunganishwa hutavaa moja bila nyingine. Ukiziacha huru, mwonyeshe sonara makucha kila mwaka. Ukizitikisa karibu na sikio ukasikia mlio mdogo, kito kimelegea: usizivae hadi kikazwe.