Umeshusha 3RZ kwenye Hilux ya zamani? Usiiache sensa ya oksijeni inaning'inia

Watu wakitoa injini ya kabureta kwenye Hilux ya zamani wakaweka 3RZ (injini ya petroli ya Toyota, ya injekta), wanahangaika na maunti na gearbox weee, halafu sensa ya oksijeni (ile inayosoma oksijeni kwenye moshi wa ekzosi) inafungwa pembeni na waya eti mbona gari linawaka. Kuwaka litawaka, ila kontroboksi (kompyuta ya injini) inapiga mafuta kwa kukadiria tu, utakiona sheli.

Anza na mahali. Kabla fundi wa ekzosi hajachomelea bomba, mwambie aweke nati ya M18 x 1.5 (kama sensa yako ni ile ya bolti mbili basi ni flenji, angalia kwanza) pale moshi wa silinda zote nne umeshakutana, kabla ya katalaiza (kile kinachosafisha moshi), na isiwe mbali sana nyuma maana sensa haisomi vizuri mpaka ipate kama nyuzi 300 hivi. Iinamishe kichwa chini mkia juu, walau digrii 10 kutoka usawa, ili maji ya kwenye bomba yasituame yakapasua seramiki. Halafu pasivuje popote kabla ya sensa!! gasketi ya manifodi ikipumua hata kidogo hewa ya nje inaingia, sensa inaripoti mafuta machache, kontroboksi inaongeza, we unalaumu injekta. Na silikoni ya kawaida usipake huko, mvuke wake unaua sensa.

Waya sasa. Denso ya waya nne: nyeusi mbili ni hita (inayopasha sensa moto), bluu signo (inayopeleka usomaji kontroboksi), nyeupe ethi. Bosch ni nyeupe mbili hita, nyeusi signo, kijivu ethi, kwahiyo usiunge kwa kufananisha rangi. Hita upande mmoja inapata moto wa rilei kuu ya EFI (mfumo wa injekta) kupitia fyuzi, upande wa pili unarudi kontroboksi. Pikapu ya kabureta haina hiyo rilei, kwahiyo chukua wairingi ya injini nzima nzima na rilei zake, ukiikuta imekatwakatwa achana nayo tafuta nyingine. Ethi ya signo irudi kontroboksi, usiipige bodi. Kuunga bana kwa klipu, usichome risasi wala kupaka grisi kwenye soketi, sensa nyingi zinavuta hewa safi kupitia ndani ya waya zenyewe.

Kupima: injini ipate moto, mita kwenye signo bila kuchomoa soketi, shikilia kama 2500 rpm. Volti icheze haraka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Ikiganda chini angalia kuvuja, waya, presha ya pampu. Ikiganda juu mafuta ni mengi.

Kwa wairingi za zamani zenye boksi la uchunguzi, unganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya cheki injini. Ikipiga mara mbili, ikapumzika, ikapiga moja, hiyo ni kodi 21, ya sensa. Pima hita na waya kwanza ndo uende dukani.